Cheti cha mama mbele ya jeshi la Marekani

Kule nyumbani kijana akienda kuomba kuandikishwa jeshini huulizwa cheti cha kidato cha nne, na cheti hicho kina mwenyewe mmoja tu, Baraza la Mitihani. Umesoma shule ya serikali, ya misheni, ya mtu binafsi, au umejisomea mwenyewe chini ya mwembe ukafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, hakuna anayejali. Mtihani ni ule ule na muhuri ni ule ule. Ukighushi utaumbuka hata baada ya miaka mingi kazini, kama walivyoumbuka watumishi wa umma 9,932 wa Tanzania ambao orodha yao alikabidhiwa Rais Magufuli mwezi Aprili 2017.

Hapa Marekani mambo ni kinyume. Hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Cheti hutolewa na shule yenyewe na kutiwa saini na mkuu wa shule yenyewe. Sasa basi, kama shule ni meza ya jikoni, mwalimu ni mama, mkuu wa shule ni mama huyo huyo, na siku ya mahafali mama ndiye aliyetia saini karatasi iliyochapwa hapo hapo nyumbani, kijana akiipeleka karatasi ile kwenye ofisi ya kuandikisha askari ataambiwa nini?

Waswahili walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa miaka mingi jeshi la Marekani liliisoma methali hiyo kinyumenyume: aliyefunzwa na mamaye ndiye aliyetakiwa kujieleza.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu limeanza kuingia katika nyumba zetu. Zamani kusomesha watoto nyumbani lilikuwa jambo la Wazungu wa mashambani, Wakristo wenye msimamo mkali, ambao hawakutaka watoto wao wafundishwe mambo wasiyoyakubali. Takwimu za serikali zilikuwa zikihesabu watoto kama 850,000 mwaka 1999, wakafika milioni 1.1 mwaka 2003 na milioni 1.5 mwaka 2007. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Ofisi ya sensa ya Marekani iliuliza kaya zenye watoto wa shule, ikakuta wanaosomesha nyumbani wamepanda kutoka asilimia 5.4 katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020 hadi asilimia 11.1 ilipofika vuli ya mwaka huo huo. Kwa kaya za watu weusi mruko ulikuwa mkubwa zaidi: kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Wengi walirudi shule milango ilipofunguliwa, lakini si wote.

Miongoni mwa waliobaki wamo watu wetu. Wapo Waislamu wa mwambao wanaotaka asubuhi iwe ya Kurani na mchana uwe wa hesabu. Wapo Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma, ambao mtoto wao aliwekwa darasa la umri wake bila kujali kwamba hajui Kiingereza, akakaa nyuma ya darasa mwaka mzima kama kiti. Wapo wazazi waliochoshwa na simu za shule kila wiki kuwaambia kijana wao mweusi "ana tabia". Kila mmoja ana sababu yake, na mimi siko hapa kuhukumu nani kafanya vizuri. Ninachosema ni kwamba watoto hao wamekua. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2020 sasa ni kijana wa kuandikishwa.

Kusomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina sheria yake, na tofauti ni kama mbingu na ardhi. New York inamtaka mzazi apeleke mpango wa masomo, ripoti za kila robo mwaka na tathmini ya mwaka. Pennsylvania inataka jalada la kazi za mtoto lipitiwe na mtathmini. Texas haitaki chochote. Tangu mahakama kuu ya jimbo hilo ilipoamua mwaka 1994, nyumba inayofundisha mtoto inahesabiwa kuwa shule binafsi, na mzazi hana haja hata ya kumjulisha mtu. Uhuru huo mama wa Texas anaufurahia sana mpaka siku anapotakiwa kuthibitisha kwamba mtoto wake alisoma. Hapo hugundua kwamba hakuna ofisi yoyote duniani yenye kumbukumbu ya jambo hilo isipokuwa droo yake mwenyewe.

Tuje kwenye jeshi. Kwa nini jeshi lihangaike na karatasi, wakati kazi yenyewe ni kukimbia, kubeba mzigo na kutii amri? Jibu la Pentagon ni la kihasibu. Kumfunza kuruta mmoja ni gharama kubwa, na akiacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha fedha ile imepotea. Walipochunguza kumbukumbu za miaka mingi waliona kwamba katika kila vijana 10 wenye cheti cha sekondari, kama 8 humaliza miaka yao mitatu ya kwanza. Katika wasio na cheti, karibu nusu huishia njiani. Na cha ajabu, wale wenye GED, yaani mtihani wa mbadala anaofanya mtu aliyeacha shule, nao huacha jeshi kwa wingi, ingawa kichwani wana akili sawa na wenzao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba cheti cha shule hakipimi akili peke yake. Kinapima pia ule uvumilivu wa kuamka miaka minne mfululizo kwenda mahali ambapo huenda hupapendi, ukamsikiliza mtu ambaye huenda humpendi. Mwenye kujua maisha ya kambi ataelewa kwa nini jeshi linakipenda kipimo hicho.

Kwa hesabu hiyo, mwaka 1987 Pentagon iliwagawa waombaji katika madaraja matatu. La kwanza ni wenye cheti cha sekondari, pamoja na mtu yeyote mwenye masomo ya chuo yasiyopungua krediti 15. La pili ni wenye GED na vyeti vingine vya mbadala. La tatu ni wasio na kitu. Lengo lililowekwa ni kwamba kati ya makuruta wapya, asilimia 90 watoke daraja la kwanza. Kwa hiyo anayewekwa la pili anagombea nafasi chache zilizobaki, tena kwa masharti magumu zaidi ya mtihani.

Na mtoto wa nyumbani aliwekwa wapi? Aliwekwa chini, pamoja na walioacha shule. Si kwa sababu kuna mtu aliyepima akakuta hafai, bali kwa sababu wakati huo walikuwa wachache mno kupimika. Hapo mtu anaweza kuuliza, hivi hawa wakubwa wa Marekani wamesahau historia yao? Jenerali George Patton, yule aliyevusha vifaru vyake Ufaransa mwaka 1944, hakuingia darasani mpaka alipofika umri wa miaka 11. Alisomewa vitabu nyumbani California. Lakini Patton alikuwa mtoto wa tajiri, na baadaye alikwenda shule kisha West Point, kwa hiyo tusimtumie sana kama ushahidi.

Waliolifikisha suala hili Kongresi ni wazazi wenyewe, na hapa lazima niseme kwamba Wamarekani wanaosomesha nyumbani wamejipanga kuliko vyama vingi vya siasa ninavyovifahamu. Wana chama chao cha kutetea haki mahakamani, HSLDA, kilichoanzishwa mwaka 1983, na mbunge anayewaudhi hupigiwa simu mpaka simu inaisha chaji. Mwaka 1998 Seneta Paul Coverdell wa Georgia alisimamia kifungu kikaingizwa katika sheria ya ulinzi ya mwaka uliofuata: kwa miaka mitano, vijana wenye vyeti vya nyumbani wahesabiwe kama wenye vyeti vya shule, wasizidi 1,250 kwa mwaka kwa kila tawi la jeshi, halafu wachunguzwe wanadumu kiasi gani. Ikawa kama shamba la majaribio.

Majaribio yale yaliisha mwaka 2003, na tathmini haikuwapa wazazi ushindi mtupu. Kwa ujumla vijana wale hawakudumu kama wenzao wa shule. Lakini watafiti walipowatenga wale waliofanya vizuri mtihani wa kuingilia, yaani waliopata alama 50 na zaidi, picha ilibadilika, wakaonekana wanafaa. Wapo waliosema hiyo ndiyo haki yenyewe. Wengine wakauliza kwa nini mtoto wa shule mbovu ya mjini apite na alama 31 na mtoto wa nyumbani adaiwe 50. Ubishi ukaendelea miaka mingine minane.

Ilipofika tarehe 31 Desemba 2011 Rais Obama alitia saini sheria ya ulinzi iliyosema waziwazi kwamba aliyemaliza sekondari kwa kufuata sheria ya jimbo lake, hata kama ni nyumbani, asibaguliwe na aliyemaliza shule ya serikali. Pentagon iliitekeleza mwaka 2012 kwa shingo upande: daraja la kwanza mtapata, lakini kwa alama 50. Baada ya shinikizo zaidi sharti hilo nalo likaondolewa. Leo, kisheria, cheti cha mama kina uzito sawa na cha shule.

Nimesema kisheria. Ofisini ni habari nyingine.

Familia moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja jina wala mji, inaishi Texas. Baba ni dereva wa lori, mama aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla vita havijawatoa Kivu. Kijana wao wa kwanza alitolewa shule akiwa darasa la saba kwa sababu alikuwa akipigwa njiani. Mama akamfundisha mwenyewe, hesabu kwa Kifaransa na Kiswahili, sayansi kwa vitabu vya maktaba ya mji, Kiingereza kwa kompyuta. Mwaka alipotimiza 18 kijana akasema anataka jeshi.

Askari wa kuandikisha aliwapokea vizuri, akawapa kalenda na chupa za maji zenye nembo. Alipoona cheti kimetiwa saini na mama mwenye jina moja na la kijana, akakuna kichwa. Akashauri njia ya mkato: kijana akafanye GED, mambo yataisha wiki mbili. Alisema kwa nia njema, nadhani. Afisa huyo ana idadi anayotakiwa kufikisha kila mwezi, na karatasi asiyoizoea inamchelewesha.

Ushauri ule ni mtego, na ndiyo sababu kubwa ya makala haya. Kijana aliyemaliza masomo nyumbani kihalali yuko daraja la kwanza. Akishafanya GED na kuiwasilisha kama ndiyo elimu yake, amejishusha mwenyewe hadi daraja la pili. Kwa jeshi la nchi kavu, mwenye cheti cha sekondari kwa kawaida hupita akipata alama 31; mwenye GED hudaiwa 50. Jeshi la anga nalo limezoea kuwachukua wenye GED kwa kuhesabu vidole. Familia hii iliokolewa na jirani, Mmarekani mweupe aliyesomesha watoto saba jikoni kwake, ambaye aliwaambia wasikubali, wamwombe yule afisa aulize kwa wakubwa wake. Akauliza. Jibu lilichukua wiki tano.

Mama alizitumia wiki tano hizo kufanya kazi ambayo angepaswa kuifanya miaka minne nyuma, nayo ni kuandika transkripti. Somo gani, mwaka gani, kitabu gani, saa ngapi, alama gani. Alikuwa na madaftari yote ndani ya mfuko wa mchele, ahsante Mungu, lakini mengi hayakuwa na tarehe. Ananiambia sasa binti yake mdogo, aliye darasa la tano, hafungi daftari bila tarehe ya juu na saini ya chini.

Wakati huo huo baba alikuwa amepata suluhisho lake, kwa rafiki wa rafiki. Kuna tovuti zinazouza cheti cha sekondari kwa dola mia mbili tatu, cheti kizuri kuliko cha kweli, chenye muhuri wa dhahabu na jina la shule isiyo na jengo. Wauzaji hao wanawajua wahamiaji na wanajua tunavyoogopa neno "huna karatasi". Jeshi linawajua pia. Kijana anayepeleka cheti cha namna hiyo hana tu hatari ya kukataliwa. Kudanganya makusudi wakati wa kuandikishwa ni kosa chini ya sheria za kijeshi, na kwa mtu asiye raia doa la namna hiyo huweza kumfuata mpaka kwenye maombi ya uraia. Baba alitulia alipoelezwa hivyo.

Haki iwe haki, shaka ya jeshi haikutoka hewani. Wapo vijana wanaoacha shule mwezi Januari na kurudi mwezi Machi na cheti "cha nyumbani" kilichoandikwa na shangazi. Ndiyo maana ofisi hutaka kuona kwamba mtoto amesoma nyumbani muda wa kueleweka na kwamba sheria ya jimbo imefuatwa. Kule ambako jimbo linataka taarifa, nakala ya taarifa hiyo ni dhahabu. Kule ambako jimbo halitaki, kama Texas, daftari lenye tarehe ndilo shahidi.

Baada ya karatasi unakuja mtihani wenyewe, ASVAB. Una sehemu nyingi, za umeme, za mitambo na kadhalika, lakini alama inayoamua kuingia au kutoingia, AFQT, inatoka katika sehemu nne tu: maana ya maneno, kuelewa habari, mafumbo ya hesabu, na hisabati. Alama si asilimia ya majibu sahihi. Ukipata 50 maana yake umefanya sawa au vizuri kuliko nusu ya vijana wa umri wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997 ili kuwa kipimo. Aliye chini ya 10 sheria inamkataza kabisa, na wa 10 hadi 30 huchukuliwa kwa uchache.

Nusu ya mtihani ule ni Kiingereza, ndugu zangu. Hapo ndipo watoto wetu wa nyumbani wanapoumia. Kijana aliyefundishwa na mama kwa Kiswahili anaweza kupiga hesabu za kasi na masafa usingizini, halafu akakwama kwenye maana ya neno moja la kizamani ambalo mwenzake alilisikia darasani mara mia. Mzazi anayejua mwanawe anaelekea huko na aanze mapema, vitabu vya kusoma kwa sauti kila siku, si wiki mbili kabla. Tangu mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lina kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, South Carolina, kwa walioambulia alama za 20 na kitu. Hukaa hadi siku 90 wakisoma kisha hurudia mtihani. Kozi hiyo haikuanzishwa kwa huruma. Mwaka ule jeshi lilitaka makuruta 60,000 likapungukiwa kama 15,000.

Jambo jingine ambalo halifikiriwi. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002, na iliyorithiwa na ile ya mwaka 2015, inazitaka shule za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa waandikishaji wa jeshi majina na simu za wanafunzi, mzazi asipokataa. Mtoto wa nyumbani hayumo katika orodha hiyo. Kwa mzazi asiyetaka jeshi hii ni neema, hakuna simu wala chupa za maji. Kwa kijana anayetaka, maana yake ni kwamba anakwenda kubisha hodi mwenyewe akiwa hajui lolote, wala hana mshauri wa shule wa kumwambia afisa kakosea hapa. Ndiyo maana GED inawanasa.

Sasa la uraia, maana najua ndilo wengi wanalolitafuta. Asiye raia anaweza kuandikishwa, lakini lazima awe na kadi ya kijani. Mkimbizi ambaye bado hajaipata, au aliyepewa hifadhi na bado anasubiri, asijisumbue kwanza. Kulikuwa na mpango ulioanza mwishoni mwa mwaka 2008, ukijulikana kwa kifupi MAVNI, ulioruhusu hata watu wenye viza za muda kuingia kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Wapo Wakenya na Watanzania waliopitia mlango huo. Ulifungwa mwaka 2016. Ninawataja kwa sababu bado napata barua za watu wanaoulizia, na huenda wapo matapeli wanaouuza.

Kwa mwenye kadi, amri ya Rais Bush ya Julai 2002 iliwafungulia walioko kazini tangu tarehe 11 Septemba 2001 njia ya kuomba uraia bila kungoja miaka mitano. Hilo ni kweli na wengi wamefaidika. Lakini soma na upande wa pili wa karatasi. Uraia uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kunyang'anywa mtu akifukuzwa jeshini kwa aibu kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na kabla ya kuwa raia huwezi kuwa afisa, wala kupewa kazi zinazohitaji kibali cha siri, ambazo ndizo nyingi za kompyuta na mitambo zenye soko baadaye. Mtoto wa kompyuta anaweza kujikuta jikoni au kwenye lori.

Yote hayo ni ya karatasi. Kuna jambo lisilo la karatasi, nalo ndilo lililomkosesha usingizi yule baba wa Texas kuliko cheti.

Yeye na mkewe walimtoa mtoto shule ili wamlinde asipigwe na watoto wenzake. Miaka sita wamemweka karibu, wamemlisha, wamemfundisha, wamejua kila rafiki yake. Na kijana huyo huyo sasa anataka kwenda mahali ambapo kazi ni kupigana. Baba aliniuliza kwa simu, usiku, baada ya zamu yake, kama mimi ni mtu wa habari basi nimweleze: alikosea wapi? Sikuwa na la kumjibu. Kwa mtu wa Kivu sare ya jeshi haina maana ya chuo cha bure. Ina maana ya mlango kugongwa. Mimi mwenyewe niliacha nchi na kalamu yangu kwa sababu ya watu waliokuja na buti, na mpaka leo nikiona gari la kijani katika barabara ya hapa mguu wangu unapunguza mwendo wenyewe.

Kijana haoni hivyo. Alikuja hapa na umri wa miaka mitano. Kwake jeshi ni lile linalopita na bendera siku ya Julai 4, ni ada ya chuo kikuu cha jimbo kulipwa miezi 36 baada ya kutumikia miaka mitatu, ni kutoka katika nyumba ambayo mama ni mwalimu, mkuu wa shule na mpishi. Hilo la mwisho hakulisema, nalisema mimi. Mtoto aliyesomea nyumbani hana siku anayotoka mlangoni akaenda kuwa mtu mwingine kwa saa nane. Baadhi yao wakifika 18 wanatafuta mlango mkubwa kuliko yote.

Kuhusu wanavyofanya wakishafika kambini, wapo wanaodai watoto wa nyumbani ni laini na hawajui kuishi na watu. Sikubaliani moja kwa moja. Mtoto aliyezoea kufua, kupika, kulea wadogo na kuamka alfajiri kwa sala ana nidhamu ambayo sajini haitaji kumfundisha. Kinachomshtua ni kelele, matusi, na kutokuwa na mahali pa kuwa peke yake hata dakika tano. Huo mshtuko ni wa wiki za mwanzo, na mzazi anaweza kuupunguza kwa kumtoa mtoto ndani mapema: mpira wa mtaani, kazi ya dukani, skauti, kozi mbili tatu za chuo cha jamii. Hizo za chuo zina faida ya ziada. Zikifika krediti 15, ubishi wa cheti umekwisha, kwa sababu zenyewe zinatosha kumweka daraja la kwanza.

Na kwa wasiotaka jeshi kabisa, kumbukeni kwamba kusoma nyumbani hakumwondoi mtoto wa kiume katika daftari la Selective Service. Sheria inawataka wanaume wote wa miaka 18 hadi 25 wawemo, raia, mwenye kadi, mkimbizi, hata asiye na karatasi. Hakuna anayeandikishwa jeshini kwa nguvu tangu mwaka 1973, lakini asiyekuwamo katika daftari anaweza kukwama siku ya kuomba uraia.

Mwenye umri wa miaka 17 hawezi kuingia bila saini ya mzazi. Mwenye 18 hahitaji ruhusa ya mtu, na wazazi wetu wengi hili hawalijui, wanadhani wataitwa ofisini kuulizwa. Mkataba wa mara ya kwanza, hata ukiandikwa miaka mitatu au minne kazini, kwa ukamilifu wake ni miaka minane, iliyobaki ikiwa ya akiba ambamo mtu anaweza kuitwa tena. Kazi aliyoahidiwa kwa mdomo si kazi mpaka iandikwe katika mkataba.

Jambo moja zaidi, ambalo maofisa wa kuandikisha hawana haraka ya kulieleza. Kijana hula kiapo mara mbili. Cha kwanza ni siku anapokubaliwa, halafu hurudi nyumbani kungoja tarehe ya kusafiri, pengine miezi kadhaa. Katika kipindi hicho akibadili nia anaandika barua ya kujitoa, na hakuna jela wala faini, hata afisa akikasirika namna gani. Cha pili huliwa asubuhi ya safari, na baada ya hapo ni askari. Kijana wa Texas amekula cha kwanza. Basi lake ni la mwezi ujao, na babaye ameomba zamu ya mchana wiki hiyo.